Linux Mint kando ya Windows: miezi minane ya kazi katika duka la steshenari, Mtwara

Ninayoitathmini hapa ni Linux Mint 22, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa familia ya Linux, katika toleo lake jepesi la Xfce, ambayo tangu Julai 2025 inakaa kando ya Windows 10 ndani ya kompyuta mpakato moja inayobeba karibu kazi yote ya duka langu la steshenari, Magomeni, Mtwara mjini. Kompyuta hiyo niliinunua ikiwa imeshatumika: ina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, RAM ya GB 4 na diski ya GB 500 ya zile za sahani zinazozunguka. Kila ninapoiwasha, kabla ya kitu kingine chochote, hutokea orodha fupi kwenye skrini inayoniuliza niingie mfumo upi, nami huchagua kwa mshale wa kibodi. Mfumo wa pili sikuuingiza kwa kupenda mambo mapya. Niliuingiza kwa sababu ya flashi za wateja.

Mwenye steshenari yeyote wa Mtwara, Masasi au Lindi analijua tatizo hili. Kwa siku moja ya kazi nyingi, flashi ishirini au thelathini hupita katika tundu lilelile la USB: barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao vya vyama vya msingi vya ushirika msimu wa korosho unapokaribia, ripoti za mafunzo kwa vitendo za wanafunzi wa chuo, mitihani ya shule, picha za pasipoti. Flashi iliyo mkononi mwangu leo jana ilikuwa duka jingine, na kesho itakuwa katika kompyuta ya ofisi fulani. Kirusi kikishaingia katika mashine ya duka, duka linageuka kuwa kituo cha kukisambaza, na mteja ambaye flashi yake imeharibika ana haki ya kumlaumu aliyemchapia.

Septemba mwaka jana, yapata saa kumi na moja jioni, aliingia mwalimu mmoja mtu mzima kutoka upande wa Nanguruwe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akiwa bado amesimama, akanikabidhi flashi. “Mwanangu, mitihani ya Kidato cha Pili yote imo humo, na kesho asubuhi ndiyo inaanza. Nilikotoka wameniambia humu hamna kitu.” Kule alikotoka, flashi ilipofunguliwa katika Windows, kilionekana kitu kimoja tu: alama ya njia ya mkato yenye jina lilelile la flashi. Niliichomeka katika Mint. Dirisha la mafaili lilifunguka na kuonyesha ile njia ya mkato ya ukubwa wa KB chache, mafaili mawili ya majina yasiyosomeka, na kando yake folda isiyo na jina kabisa, yaani picha ya folda na chini yake pengo tupu. Niliibofya folda ile. Ndani yalikuwamo mafaili kumi na moja, Hisabati, Biolojia, Jiografia, Uraia na mengineyo, yote salama. Mwalimu alivuta kiti akakaa.

Jambo hili lina maelezo yaliyo wazi. Kirusi cha aina ile hakifuti mafaili. Huyahamishia katika folda ambayo jina lake ni herufi moja isiyoonekana, huipa folda hiyo alama ya kufichwa ambayo Windows huiheshimu, kisha huacha nje njia ya mkato ambayo mtu akiibofya huifungua folda na papo hapo kukiamsha kirusi chenyewe. Linux haiizingatii alama hiyo ya kufichwa, kwa hiyo kila kilichomo huonekana. Na programu ya kirusi, kwa kuwa imeandikwa kwa ajili ya Windows, hulala pale kama faili lolote lisilo na kazi. Niliyanakili mafaili ya mwalimu, nikaiumbiza flashi upya, nikayarudisha, tukachapa hadi saa mbili usiku.

Naomba msomaji asichukue habari hiyo kuwa ahadi kwamba Linux huua virusi. Haiui. Nikilinakili faili la Word lenye amri mbaya ndani yake kutoka flashi moja kwenda nyingine bila kulitazama, nitakuwa nimekibeba kirusi kwa mikono yangu mwenyewe na kumpelekea mwenye Windows. Faida ninayoizungumzia ni nyembamba zaidi, lakini kwa kazi yangu ni kubwa: mashine inayopokea flashi za wageni haiambukizwi na virusi vya Windows vilivyomo katika flashi hizo, na mimi naona kilichomo kabla ya kuamua lipi la kugusa.

Kuipata Mint hakuna gharama ya leseni. Inatengenezwa juu ya msingi wa Ubuntu, ambayo ni Linux nyingine, na toleo la 22, lililotoka Julai 2024, litaendelea kupewa masasisho ya usalama hadi mwaka 2029. Gharama iko katika bando, kwa kuwa faili la kusakinishia lina ukubwa wa karibu GB 3. Nililipakua usiku mara mbili, maana mara ya kwanza mtandao ulikatika katikati na faili lililobaki lilikuwa pungufu ingawa kwa macho lilionekana zima. Ndipo nilipojifunza kutopuuza hatua ambayo wengi huiruka, ya kulinganisha alama ya SHA256 ya faili (mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likipungua hata kidogo) na ile iliyotangazwa na watengenezaji. Katika Windows kazi hiyo hufanywa na amri ya certutil, na haichukui hata dakika mbili. Baada ya hapo faili huandikwa katika flashi ya GB 4 au zaidi kwa programu ya Rufus. Ukishaipata flashi moja nzuri, mpe na jirani, kwa kuwa sheria ya leseni ya Linux inaruhusu kugawana, na GB 3 za bando si kitu cha kila mtu kununua peke yake.

Kitu ninachokisifu kuliko vyote katika hatua za mwanzo ni kwamba Mint huweza kuendeshwa kutoka katika flashi hiyo bila kuandika chochote kwenye diski. Inakwenda polepole, ndiyo, lakini ni mfumo kamili. Nilikaa nayo hivyo siku mbili nzima. Nilijaribu sauti, skrini, kibodi, printa na mtandao, na hapo ndipo nilipogundua kuwa kadi ya mtandao pasiwaya ya mashine yangu haikutambuliwa, kwa sababu mtengenezaji wake hatoi draiva huria, yaani programu ya kukiendeshea kifaa ambayo Mint ingeweza kuja nayo. Ningelijua jambo hilo baada ya kusakinisha, ningeliona kuwa nimepata hasara. Kwa kuwa nililijua mapema, niliunganisha simu kwa waya wa USB nikagawa mtandao wake, ambao Mint iliupokea bila kuuliza swali, kisha nikafungua kidhibiti cha draiva, kikaniorodheshea draiva inayofaa, nikaipakua. Tangu siku hiyo mtandao haujasumbua.

Sehemu inayotisha ni kugawanya diski, na inastahili kuogopwa kwa kiasi. Binamu yangu wa Lindi alimpelekea fundi mmoja kompyuta yake amfanyie kazi hiihii. Fundi, badala ya kuchagua kusakinisha kando ya Windows, alichagua kufuta diski yote, na hesabu za duka za miaka mitatu pamoja na picha za harusi ya dada yake zikapotea. Kwenye skrini chaguo hizo mbili zimekaa karibu karibu, moja chini ya nyingine. Kwa hiyo nasema kwa msisitizo: nakili mafaili yako yote katika diski ya nje kabla hujagusa kitu, na diski hiyo ya nje uichomoe na kuiweka mbali wakati wa kusakinisha. Betri iwe imejaa pia, maana umeme ukikatika wakati sehemu za diski zinaandikwa upya, hasara yake ni hiyohiyo ya binamu yangu.

Nafasi ya Mint niliipata kwa kuipunguza sehemu ya Windows kutoka ndani ya Windows yenyewe, kwa kutumia kidhibiti cha diski kilichomo, kwa sababu Windows inajua vizuri zaidi mafaili yake yamekaa wapi. Watengenezaji wa Mint wanataja GB 20 kuwa kiwango cha chini na GB 100 kuwa kiwango cha starehe. Mimi nilitenga GB 100, nikaacha na sehemu ya tatu ya kuhifadhi kazi za wateja inayosomwa na mifumo yote miwili. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, hakikisha kwanza umeuandika mahali ule ufunguo mrefu wa kuifungulia, kwa kuwa mabadiliko ya namna hii huweza kuifanya mashine iudai siku ambayo hukuitarajia.

Baada ya hapo yalinipata mambo mawili ambayo naamini yatampata kila atakayeweka mifumo miwili katika mashine moja, na kwa kuwa mtu anaweza kudhani kompyuta imeharibika, nitayaeleza kwa urefu.

La kwanza ni ile sehemu ya pamoja. Siku moja nilikuwa ndani ya Mint nikitaka kuhifadhi barua ya mteja, na mfumo ukakataa, ukisema sehemu ile ni ya kusomwa tu. Sababu ni kwamba Windows 10, kwa kawaida yake, unapoiambia ijizime haijizimi kabisa. Hulala nusu ili kesho iwake haraka, na huziacha sehemu zake za diski katika hali ya kazi isiyokamilika. Linux ikiiona hali hiyo hukataa kuandika, na inafanya vizuri kukataa, maana ikiandika inaweza kuharibu mafaili. Dawa yake ni kuuondoa usingizi huo: ndani ya Windows fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika powercfg /h off, kisha zima na uwashe. Nililifanya mara moja, nalo halikurudi.

La pili ni saa. Nilifungua duka saa mbili asubuhi, nikaingia Windows, nayo ikanionyesha saa kumi na moja alfajiri. Nilirekebisha. Nikaenda Mint, nikarudi, ikawa vilevile, tofauti ya saa tatu kamili kila mara. Saa tatu hizo ndizo zinazotutenganisha na saa ya dunia ya UTC. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo inayoendelea kutembea hata mashine ikiwa imezimwa. Linux huiandikia saa ya dunia na kujijumlishia yenyewe saa tatu za Afrika Mashariki, ilhali Windows huisoma saa ileile ikidhani ni ya hapa kwetu. Kila mfumo uko sahihi kwa kanuni yake, na kwa pamoja wanavurugana. Katika duka hili si jambo dogo, kwa kuwa stakabadhi na barua huchukua tarehe na saa kutoka humo. Nilikubali Linux ndiyo imfuate mwenzake, kwa amri moja: timedatectl set-local-rtc 1. Tangu hapo saa zimelingana.

Kuna na suala la masasisho makubwa ya Windows kubadili mpangilio wa kuwaka, ikaingia yenyewe moja kwa moja bila ile orodha ya kuchagua. Mint huwa haijafutwa. Inakubidi tu uingie katika mipangilio ya awali ya mashine (BIOS) na kuirudisha Mint iwe ya kwanza kuwaka. Agosti 2024 lilitokea kubwa zaidi, pale sasisho la usalama la Windows lilipozizuia Linux nyingi kuwaka katika mashine zenye mifumo miwili. Hilo lilitangulia kusakinisha kwangu, lakini kwa ajili yake flashi ya kusakinishia sijaifuta; imo katika droo ya kaunta.

Sasa kazi yenyewe. Barua, wasifu wa kazi, mihtasari na ripoti nazifanyia katika LibreOffice, programu ya kazi za ofisi iliyokuja pamoja na Mint. Hati ya Word iliyoandikwa kwa Times New Roman au Calibri hufunguka na mistari yake ikivunjika palepale ilipovunjika, kwa sababu hata pale fonti hizo zisipokuwapo, zipo fonti mbadala zenye upana uleule wa herufi. Panapoharibika ni kwenye maboksi ya maandishi yaliyopandiana juu ya picha, na kwenye fomula za hisabati. Mitihani ya Fizikia na Hisabati siichapi tena kutoka Mint bila mwalimu mwenyewe kuipitia ukurasa kwa ukurasa, na mara nyingi nairudisha Windows moja kwa moja.

Nilichofurahia, na sikukitegemea, ni kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Ukishaisakinisha ndani ya LibreOffice, ile mistari myekundu inayotambaa chini ya kila neno letu kana kwamba tunaandika makosa matupu hupungua sana, na inayobaki huwa mara nyingi ni makosa ya kweli. Kazi ya kuifanya kompyuta iseme Kiswahili ilianza hapa nchini siku nyingi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ukiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, na LibreOffice ya leo imetokana na OpenOffice hiyohiyo. Ndiyo maana inanisikitisha kwamba menyu za Mint yenyewe hazijatafsiriwa kwa ukamilifu. Ukiichagua lugha yetu unapata mchanganyiko wa Kiswahili na Kiingereza unaomchosha msomaji kuliko Kiingereza kitupu, na msaidizi wangu dukani, ambaye Kiingereza chake si kirefu, alihitaji wiki mbili kuzizoea picha badala ya maneno.

Kadi za mialiko ndizo zinazoniweka na Windows. Harusi, unyago na ubatizo huleta sehemu kubwa ya fedha za duka hili, hasa korosho zikishauzwa, na violezo vyangu vya miaka sita vyote vimo katika Publisher na Photoshop. LibreOffice hulifungua faili la Publisher, lakini maua huhamia kulia, jina la bibi harusi hushuka mstari, na rangi hubadilika. Programu za Photoshop hazitengenezwi kwa ajili ya Linux. Zipo mbadala, nami GIMP naitumia kukata picha za pasipoti, ila siwezi kumwambia mama aliyeleta mfano wa kadi ya mwaka juzi asubiri nijifunze kuichora upya.

Printa ninazo mbili. Ile mpya ya matangi ya wino ilitambuliwa na Mint pale nilipochomeka waya. Ile ya zamani, inayotoa nakala na kuchapa, watengenezaji wake hawakuiandalia draiva ya Linux, na imebaki upande wa Windows. Atakayenunua printa kwa nia ya kuitumia na mifumo yote miwili aibebe kompyuta yake hadi dukani na kuijaribu palepale.

Kuhusu kasi, nitasema kwa tahadhari. Mint Xfce, ikiwa imetulia bila programu kufunguliwa, katika mashine hii hutumia chini ya GB 1 ya RAM, na tofauti yake na Windows 10 inaonekana kwa macho. Lakini ukifungua kivinjari chenye kurasa sita au saba, GB 4 hujaa katika mfumo wowote, na diski ya sahani hukoroma vilevile. Anayetegemea Linux peke yake kuifufua mashine kama hii asidanganyike: fedha ya kwanza aipeleke kwenye diski ya SSD, ile isiyo na sahani, ya pili kwenye RAM. Mashine za zamani zaidi, za biti 32, Mint 22 haiziingii kabisa.

Katika matumizi ya bando Mint imenipa utulivu. Kidhibiti cha masasisho hunionyesha kila sasisho na ukubwa wake, hakipakui mpaka nikubali, nami hukubali usiku bando linapokuwa nafuu. Kabla ya kusasisha, naitumia programu ya Timeshift iliyokuja nayo kupiga picha ya hali ya mfumo, ili mambo yakiharibika nirudi jana; nimelazimika kurudi mara moja tu, baada ya mimi mwenyewe kufuta kifurushi nisichokielewa, na ilichukua muda wa kunywa chai.

Nikipima yote, naipendekeza Mint kwa mwenye steshenari, kwa mwalimu na kwa mwanafunzi wa chuo, kwa sharti kwamba Windows isiondolewe siku ya kwanza. Simpendekezei mtu ambaye kazi yake yote ni kadi na picha, wala asiye na mahali pa kunakili mafaili yake kwanza.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida ya usalama, na kwa kuwa prosesa yangu ni ya kizazi cha sita, Windows 11 haiikubali rasmi. Wiki ile niliuondoa mtandao upande wa Windows: nikalifuta jina la Wi-Fi ya duka na nenosiri lake. Barua pepe, fomu za maombi na flashi zote za wateja hupita Mint. Kazi ikishakaguliwa huwekwa katika ile sehemu ya pamoja ya diski, na kama ni kadi au mtihani wenye fomula, tunawasha upya, tunaingia Windows, tunachapa kwa ile printa ya zamani, tunatoka. Kwa siku ya kawaida tunabadilisha mfumo mara tatu au nne, na kila mara mteja husubiri dakika chache akiwa ameketi pale kwenye benchi.